Majina Nyuma ya Bati

Tundu la mwisho lilikataa tena. Katibu aliinama, akafumba jicho moja, akachungulia. Jana saa kumi alasiri tundu hilo la bati la alumini lilikuwa limekaa sawasawa juu ya tundu la fremu, pini ya kubania ikapita kama kidole kwenye siagi. Leo asubuhi bati lile lile, fremu ile ile, na mbele ya jicho lake kulikuwa na chuma kitupu. Matundu yalikuwa yamepishana kwa unene wa punje ya mchele. Yale ya mbele yalikubali. Ya katikati yalikubali kwa kunung'unika. La mwisho, karibu na gurudumu la nyuma, halikutaka hata kusikia habari za ribiti, kile kijimsumari kinene cha kushikiza bati kwenye fremu.

"Mara ya tatu," alisema.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa amelala chali ndani ya gari, miguu imetokeza nje kama ya mtu aliyegongwa. Alikuwa na kipande chake cha chuma kizito kifuani, amekikumbatia. Hakujibu. Na Katibu, kwa jinsi alivyomjua, aliuchukua ukimya ule na kuuweka akibani pamoja na mwingine aliokwisha kuukusanya.

Katibu halikuwa jina lake. Lilimganda miaka ishirini na miwili iliyopita, alipokuwa katibu wa kamati ya wafanyakazi kwenye karakana ya kutengeneza mabodi ya mabasi. Kamati ilikufa, karakana ilimfukuza, jina likabaki. Hata muuza nyama alimwita hivyo wakati anampunja mzani.

Gari lenyewe lilikuwa la spoti, la viti viwili, pua ndefu, kiuno chembamba. Fremu ya mabomba ya mraba aliichomelea mwenyewe kwa miaka mitatu, injini aliitoa kwenye pikapu iliyopinduka. Wanawe, ambao sasa ni watu wazima na majumba yao, waliliita jeneza lenye matairi. Yeye hakucheka. Alilitaka kwa safari moja tu: kupita polepole mbele ya lango la karakana ile, bila paa, bila kioo cha kushusha, ili waliomo wamwone usoni bila kupata taabu.

Sasa ilikuwa zamu ya mabati, na kwenye mabati Katibu alikuwa mkaidi. Kuna ribiti za kuvuta, za mtu mmoja, unachomeka na kubana mambo yanakwisha. Alisema hizo ni za kufungia mabanda ya kuku. Alitaka ribiti za kugonga, zile walizogonga ujanani, na hizo zinataka watu wawili. Wa nje anagonga kichwa cha ribiti. Wa ndani ameshikilia chuma upande wa pili, mkia wa ribiti uvimbe kama kitufe. Kati yao kuna bati, hawaonani. Wanaongea kwa kugongeana: kimoja, niko tayari. Viwili, imekaa vizuri. Vitatu, simama, imeharibika, itolewe.

Wa nje hana namna ya kuhakikisha. Aliye ndani akigonga viwili palipostahili vitatu, unaendelea na ribiti nyingine ukipiga mluzi, na siku gari likishika mwendo barabarani bati linabanduka kwa upepo, linakurudia usoni. Kazi nzima inasimama juu ya ukweli wa mtu aliyelala gizani.

Na huyu aliyelala gizani, Katibu hakumwamini.

Kisa ni hiki. Kamati ilikuwa ya watu wanane. Walikuwa wanadai barakoa za wapaka rangi, glavu, na daktari wa mwenzao aliyeachia vidole viwili kwenye mashine ya kukunjia. Walihitaji kuweka majina, kila mmoja aone jina lake limekaa na ya wenzake, asije mtu akageuka kesho akasema hakuwemo. Lakini getini walikuwa wanapekuliwa mpaka kwenye soksi, karatasi ingewaponza. Ndipo Katibu akapata wazo ambalo baadaye alilisimulia kwenye kila sherehe mpaka mkewe akawa anatoka kwenda kuangalia sufuria. Alichukua bati la ubavu wa basi lililokuwa linasubiri kufungwa, akaligeuza, akachora mgongoni kwa ncha ya msumari majina manane, moja chini ya jingine, wote wakitazama. Kisha saa ile ile yeye na shemeji wakaligonga mahali pake, yeye nje, shemeji ndani. Kiapo kikafungwa kwa ribiti hamsini na nne. Nani angebandua basi zima kutafuta majina?

Wiki tano baadaye waliitwa ofisini mmoja mmoja, kabla ya chai. Saba. Katibu anakumbuka nani aliingia wa ngapi na alivaa shati gani. Mpaka rangi, ambaye kifua chake kilikuja kummaliza. Mchomeleaji mwenye kigugumizi. Mshona viti. Fundi umeme. Wale ndugu wawili wa madirisha. Na yeye mwenyewe, wa mwisho, aliyepewa hata nafasi ya kukaa kwenye kiti, kana kwamba kiti ndicho alichokuwa anadai.

Wa nane hakuitwa. Wa nane alikuwa shemeji, akabaki na kazi yake miaka tisa mingine.

Katibu hakumuuliza. Walizika mama mkwe pamoja, wamebeba upande mmoja wa jeneza. Walikula sahani moja. Hakumuuliza, kwa sababu ukimuuliza mtu na akakana, basi umebaki na kukana kwake. Na alipoanza gari alimwita shemeji aje kumsaidia ndani. Alimwambia mkewe kwamba hakuna mwingine aliyebaki anayeijua lugha ya kugongeana. Hilo lilikuwa kweli. Ila kweli nyingine alibaki nayo mwenyewe: mtu unayemshuku usimwachie nafasi, mweke mahali unapomsikia akipumua.

Sasa matundu yalikuwa yanahama. Siku tatu mfululizo walifanya vilevile: mchana wanatoa bati ukutani uani, kwa maana kibanda hakikuwa na nafasi ya kulilaza, wanalipeleka kibandani, wanalibana kwenye fremu, wanatoboa matundu mapya. Kisha wanalitoa, wanasugua kingo kwa tupa, wanalisimamisha ndani. Asubuhi wanalirudisha ili waligonge, na asubuhi linakataa. Katibu alipiga hesabu zake. Wakati wa kutoboa aliyeshika upande wa nyuma ni shemeji. Mtu akitaka kuharibu, anasukuma bati kidogo tu kwa goti, drili inaingia pembeni, nani atajua?

Angeweza kusema ni uzee wa mikono, yakaisha. Lakini Jumanne, akitoka kununua tupa, alikuwa amemwona shemeji penye kibanda cha kuziba pancha anaongea na mzee mwenye kofia ya kahawia. Kofia ile Katibu angeitambua hata ikiwa kichwani mwa mbuzi. Alikuwa msimamizi wao wa zamani, yule yule aliyesimama mlangoni siku ile anahesabu waliofukuzwa wanavyotoka. Msimamizi alimpa shemeji kitu bapa, kimefungwa kwenye gunia. Shemeji akakitia kwapani, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaondoka upesi. Jioni hiyo kwenye chai Katibu alimuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, kama alipitia mjini. Shemeji alisema hapana, kabla ya kuja kutoboa alikuwa ndani asubuhi nzima, kichwa kilikuwa kinamuuma.

Basi sasa, Ijumaa asubuhi, mbele ya tundu lililokataa mara ya tatu, Katibu aliweka drili chini.

"Toka huko ndani, shemeji."

Shemeji alijivuta nje taratibu, magoti yakilia. Alikuwa mwembamba, nywele zote nyeupe, na alikuwa na tabia ya kujipangusa mikono kwenye suruali hata ikiwa safi.

"Jumanne ulikuwa wapi?"

"Nilikwambia."

"Uliniambia uongo. Nimekuona na msimamizi. Nimeona na gunia. Kisha matundu yangu yanahama. Sasa nakuuliza na lile la zamani, maana nimechoka kulibeba. Majina yetu ulipeleka wewe?"

Shemeji alitazama lile bati, akatazama mlango wa nyumba, ambako cherehani ya dada yake ilikuwa imenyamaza.

"Bati sijaligusa," alisema mwishoni.

"Nimekuuliza majina."

"Nimesikia ulichouliza, shemeji." Aliweka chuma chake juu ya kiti cha gari, kwa upole, kama mtu anayelaza mtoto. Akavaa viatu, akaondoka. Hakubamiza mlango wa uani. Katibu angependa sana aubamize.

Mkewe alikuja na futi yake shingoni. Hakupiga kelele, aliuliza tu kama mume wake amemaliza, au bado kuna ndugu mwingine wa upande wake wa kufukuza, ili apange idadi ya sahani. Katibu akasema atamwonyesha ushahidi. Mkewe akasema miaka ishirini na miwili ni mingi kwa mtu kutafuta ushahidi mezani kwake mwenyewe.

Alasiri hiyo Katibu alifanya kazi peke yake. Alikuwa na bati jingine, la ubavu wa pili, refu kama mlango. Alilitoa ukutani, akalibana kwenye fremu kwa vibano sita, akapima mara mbili, akatoboa matundu yote thelathini na mawili pasipo mkono wa mtu mwingine kuligusa. Kila tundu lilikuwa sawa. Akalitoa, akalisugua, na badala ya kuliacha kibandani akaliingiza chumbani na kulitelezesha chini ya kitanda. Mkewe alilala juu yake akiuliza kama amewekwa mlinzi, na kama mlinzi huyo ana posho.

Asubuhi bati lilikataa.

Katibu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Matundu ya mbele yalikubali, ya nyuma yalipishana, punje ya mchele, ile ile. Jana hapakuwa na goti la mtu. Usiku hapakuwa na mtu ila yeye na mkewe na mbu. Kwa muda, na hili alilionea haya mwenyewe, alimfikiria mkewe. Alimwaza akishuka kitandani gizani na tupa. Wazo hilo likamtisha kuliko matundu.

Mkewe alitoka kumletea chai, akakuta ameshika kichwa. Alilitazama bati, akaligusa kwa kiganja.

"Limepoa," alisema. "Jana ulipolipitisha sebuleni lilikuwa la moto, limenichoma mkono. Mimi kitambaa kipya nakilowesha kwanza, kinywee, ndipo nakikata. Nikikata kwanza, mteja hafungi kifungo."

Katibu alitaka kumwambia kwamba alumini si kitambaa. Alisimama, akachukua futi ya chuma, akapima bati mwisho hadi mwisho, akaandika. Kisha akalibeba hadi ukutani, jua linapopiga, akakaa kulitazama kama mtu anayelinda chungu jikoni. Saa saba mchana liliunguza vidole. Alilipima tena: lilikuwa limerefuka. Akalikimbiza kibandani, akaliweka kwenye fremu ya chuma iliyokaa kivulini tangu asubuhi, na pini zikaingia zote thelathini na mbili, bila kunung'unika.

Kule karakanani mabati yalitoka stoo hadi kwenye basi chini ya paa moja. Hayakuwahi kuona jua. Mafundi wenye miaka kumi na minane ya kazi walikuwa wanajua kila tabia ya alumini isipokuwa hiyo moja, kwa sababu waliijua kivulini tu.

Hakungoja hata chakula cha mchana, akatoka kwenda kwa shemeji. Njia nzima alikuwa anapanga maneno: jua, kivuli, urefu wa bati, samahani. Neno la mwisho lilikuwa halipangiki vizuri, kila alipoliweka lilitumbukia.

Shemeji alikuwa anaishi chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri tangu mkewe alipofariki. Kitanda kimetandikwa bila kunyanzi, redio, stuli moja. Na nyuma ya mlango, gunia. Katibu aliliona kabla hajaketi, na zile samahani zote zikarudi tumboni. Alisema habari ya jua kwa kifupi, kama mtu anayesoma tangazo. Shemeji alitikisa kichwa, akasema ni kweli, hakuwahi kulifikiria hilo. Kisha wote wawili wakatazama nyuma ya mlango.

"Hilo la matundu ulinikosea," shemeji alisema. "Hili nalo nilikudanganya, nilienda. Msimamizi alinitumia ujumbe. Karakana inafungwa, wanasafisha stoo, akakuta kitu akasema heri tukichukue sisi. Fungua."

Katibu alifungua gunia. Ndani kulikuwa na kipande cha bati, urefu wa mkono. Pande tatu zilikatwa ovyo kwa patasi. Upande wa nne, wa chini, ulikuwa mviringo, umesuguliwa laini, kazi ya fundi aliyejali. Aligeuza. Majina saba, moja chini ya jingine.

Kwanza aliona mtego. Msimamizi ni mtu wa kuweza lolote, hata kuketi na msumari na kughushi. Alilipeleka dirishani. Alitafuta kasoro kama anavyotafuta karani wa benki. Lakini herufi zile zilikuwa zimelalia nyuma, kama mtu anayesukumwa na hataki kwenda, na mtu mmoja tu duniani aliyekuwa anaandika hivyo. Akapitisha kidole kwenye ule ukingo wa mviringo. Mikwaruzo ya tupa ilikwenda kwa mshazari, kutoka kulia, mikwaruzo ya mtu anayetumia mkono wa kushoto. Katibu alikuwa wa kushoto.

"Basi liligongwa na lori, mwezi mmoja tu barabarani," shemeji alisema polepole. "Likarudishwa pale pale kwetu. Msimamizi akabandua ubavu mwenyewe kwa patasi. Anasema hakuhitaji kumuuliza mtu."

"Na wewe?"

"Nitazame chini ya jina lako."

Chini ya jina la saba, pale mviringo ulipoanzia, kulikuwa na vichwa vya herufi tu, vimekatwa shingo. Na Katibu akakumbuka, maana kukumbuka ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa. Baada ya kuchora majina, bati lilipojaribiwa, uwazi wa gurudumu ulikuwa umebana. Alilaza bati uso juu, akachukua mkasi, akakata upana wa kiganja, akasugua. Kipande kilichoanguka alikisukuma kwa mguu chini ya meza. Jina la wa nane lilifagiliwa jioni ile pamoja na vumbi la chuma. Yale mengine saba aliyahifadhi mwenyewe, kwa mwandiko wake, kwa ribiti zake, mpaka yalipofika mkononi mwa msimamizi.

Alikaa kwenye stuli. Redio ya jirani ilikuwa inatoa bei za mazao.

"Kwa nini hukuniambia jana, nilipokuuliza?"

"Ungeniambia nimeghushi." Shemeji alijipangusa mikono kwenye suruali. "Na nilitaka tumalize ubavu kwanza. Nilijua ukishaona hiki hutagonga tena." "Mimi nilidhani niliongea usingizini, shemeji. Miaka yote hiyo. Nilimuuliza marehemu kama huwa naongea usingizini. Alisema nakoroma tu, lakini sikumwamini."

Katibu alikuwa amebeba hasira yake miaka ishirini na miwili akiipa jina la mtu mmoja. Sasa hasira ilikuwa ipo, nzima, na yule mtu hakuwepo. Hakujua aiweke wapi. Alisema lile neno lililokuwa halipangiki. Lilitoka dogo, bila mapambo, na shemeji akalipokea kwa kumuuliza kama amekula.

Jumatatu, asubuhi na mapema, bati na fremu vikiwa vimepoa pamoja, walianza upya. Mabati yale mawili waliyatoboa matundu mapya pembeni ya yale ya zamani. Mahali padogo palipobaki wazi, kati ya mlango na gurudumu la nyuma, Katibu aliweka kile kipande kutoka kwenye gunia. Mviringo wake ulilingana na wa gurudumu kwa karibu sana, akaumalizia kwa tupa. Shemeji alidhani majina yatatazama ndani, kama zamani. Katibu aliligeuza. Safari hii majina yatakaa nje, alisema, na rangi haitapita hapo. Akachukua msumari, na pale juu palipokuwa na nafasi akachora jina la wa nane, herufi zikilalia nyuma. Pembeni, kwa herufi ndogo, akachora kwamba aliyeandika majina haya ndiye aliyewaponza wenye nayo.

Habari ya lango la karakana hakuitaja tena. Wanne kati ya saba walikuwa hai, ukimwondoa yeye, na kila mmoja alikuwa na mlango wake. Huko ndiko gari lingeanzia. Kwenye kila mlango angezima injini, ashuke, amwonyeshe mwenye nyumba jina lake na mwandiko wa aliyeliandika, kisha asubiri atakachoambiwa.

Alichukua chuma kizito kilichokuwa bado juu ya kiti.

"Leo nje ni wewe," alimwambia shemeji, akampa nyundo.

Hakuwahi kulala ndani maisha yake yote. Palikuwa padogo, bomba moja la fremu lilimchoma mbavuni, na alichokuwa anaona ni mgongo wa bati tu na mwanga mwembamba kwenye tundu la kwanza, mpaka ribiti ilipoingia ikauziba. Alibana chuma kwenye mkia wake. Kimoja, akagonga. Nyundo ikashuka nje, mara nne, mara tano, na chuma kikamteleza mkononi kama sabuni. Alipapasa kwa kidole. Mkia ulikuwa umelala upande, umepinda.

Nje, shemeji alikuwa anasubiri kuambiwa.

Katibu akagonga vitatu.